PORSCHE AU PEUGEOT? GARI LA KUTUNZWA NI LENYE FUNDI

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, leo ninathubutu kubishana na wahenga. Kuna gari ambalo ukoo wake umejitembeza katika barabara hii yetu ya Nyamasaria miaka nenda miaka rudi, ukibeba abiria, samaki, magunia na hata majeneza, na bado mimi nasema kwamba ndilo zuri. Na kuna jingine linalojiuza kwa picha tu ukutani, na wengi wanaolisifu hawajawahi hata kuligusa mlango.

Magari yenyewe ni haya: Peugeot 504 Coupé la Ufaransa na Porsche 911 SC la Ujerumani. Yote mawili ni ya milango miwili, yote ni ya mbio, na yote yaliacha kuundwa mwaka wa 1983. Leo hii ni mali ya watunzaji wa magari ya kale, yaani wale watu ambao hununua gari la zamani si kwa ajili ya kwenda kazini bali kwa ajili ya kulipenda, kulitengeneza na kulihifadhi. Swali ambalo limetusumbua bwenini mpaka taa zikazimwa ni hili: Mkenya wa sehemu zetu akijaliwa pesa na moyo huo, atunze lipi kati ya haya mawili?

Wenzangu karibu wote walipiga kura Porsche. Mimi nilibaki upande wa Pijo, nikachekwa mpaka nikaitwa dereva wa teksi. Basi kwa kuwa kelele za bwenini hazisikizi hoja, nimeamua kuandika.

UGOMVI WA JINA

Wengi hawajui kwamba magari haya yaligombana kabla hata hayajakutana barabarani. Mwaka wa 1963 Porsche walionyesha gari lao jipya kwenye maonyesho ya Frankfurt, na jina lake halikuwa 911. Lilikuwa 901. Mwaka uliofuata, walipolipeleka kwenye maonyesho ya Paris, Peugeot wakasema: hapana, jamani. Tangu mwaka wa 1929, walipotoa gari lao la 201, wao ndio waliokuwa wakiyapa magari yao majina ya tarakimu tatu zenye sufuri katikati, na walikuwa na haki ya majina hayo nchini Ufaransa. Porsche hawakutaka kesi. Wakaitoa ile sufuri, wakaweka moja mahali pake. Ndiyo maana leo dunia nzima inasema 911.

Kwa hiyo, wewe unayejigamba kwa jina la 911, kumbuka kwamba hata jina lenyewe lilitokana na Peugeot kukohoa.

UGOMVI WA MATOPE

Sasa tuje nyumbani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa mashindano yanayoogopwa kuliko yote duniani. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84 yakarudi 7 tu. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93 yakarudi 7 vilevile. Na miaka yote hiyo miwili aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, mwaka wa 1966 na 1967, Bert Shankland kutoka Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo, naye pia ndani ya Peugeot 404. Kisha mwaka wa 1975 Ove Andersson wa Uswidi akashinda kwa Peugeot 504 la milango minne, lenye umbo lile lile wazazi wetu walilolijua.

Porsche nao walitaka sana ushindi huo. Mwaka wa 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alileta Porsche 911, akawa wa pili. Mwaka wa 1974 Björn Waldegård wa Uswidi akaja na Porsche Carrera RS, akawa wa pili, nyuma ya Joginder Singh wetu na Mitsubishi Lancer yake. Mwaka wa 1978 Porsche wakaja na 911 SC zilizoinuliwa juu, zikapakwa rangi za Martini, na moja wakamkabidhi Mkenya, Vic Preston Mdogo. Babake ndiye aliyeshinda Safari mwaka wa 1954 na 1955. Huyu kijana barabara alizinyonya na maziwa! Nayo Peugeot ikaleta 504 Coupé yenye injini ya V6, dereva akiwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas.

Matokeo? Peugeot ya kwanza. Porsche ya pili. Mara ya tatu ya pili!

Wenzangu husema, "Ni bahati tu." La hasha. Sikilizeni jambo hili, kwani ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Huyo huyo Nicolas, mwezi wa Januari mwaka huo huo wa 1978, alikuwa ameshinda mashindano ya Monte Carlo kule milimani Ulaya, na gari aliloendesha lilikuwa Porsche 911. Miezi miwili baadaye, wakati wa Pasaka, akalishinda Porsche hapa Kenya kwa kutumia Peugeot. Dereva ni yule yule, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni nchi. Theluji ilimtaka Porsche, na barabara zetu zikamtaka Pijo. Hapo ndipo unapoona kwamba hakuna gari zuri tu hivi hivi. Kuna gari zuri mahali fulani.

TUMPE PORSCHE HAKI YAKE

Mimi sipendi mdahalo wa kumfunga mwenzako mdomo. Kwa hivyo wacha niseme mazuri ya Porsche bila choyo.

Kwanza ni nguvu. Injini ya 911 SC ina lita 3 na silinda 6 zilizolala chali, tatu upande huu na tatu upande ule. Ilipotoka ilikuwa na nguvu za farasi 180. V6 ya Peugeot ina lita 2.7, na hata ilipoacha kabureta ikapewa mfumo wa kupuliza petroli haikufika 150. Tukishindana kwenye lami nyoofu kutoka Ahero kuja huku, mimi wa Pijo nitakula vumbi.

Pili, injini ya Porsche imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Uzito huo huyakandamiza matairi chini, nayo hushika vizuri hata kwenye utelezi. Tena hupozwa kwa hewa na oili. Haina rejeta. Katika joto hili la Kisumu ambapo utaona madereva wakisimama kando ya barabara na chupa za maji, hilo si jambo dogo.

Tatu ni kutu, na hapa Pijo lazima ainamishe kichwa. Kuanzia magari ya mwaka wa 1976, Porsche walianza kutumia mabati yaliyotiwa zinki kwa bodi ya 911. Coupé la Peugeot lilichorwa na kuundiwa bodi na Pininfarina kule Turin, Italia, na kwa kweli ni gari lenye sura ya kupendeza mno, lakini linaliwa na kutu kama muhogo unavyoliwa na panya. Huanzia chini ya milango, kwenye mapaja ya magurudumu na kwenye sakafu. Mtu anayeishi karibu na ziwa, ambapo unyevu hauishi, lazima alifikirie jambo hilo mara tatu.

Nne, bei. Huko Ulaya 911 SC huuzwa kwa bei mara kadhaa kuliko Coupé la Peugeot. Anayenunua gari kama anavyonunua shamba, akingoja lipande bei, ana sababu ya kuchagua Porsche.

Haya, nimesema yote. Mbona basi bado nasimama na Pijo?

GARI NI FUNDI

Sababu yangu ni moja, nayo inashinda zile nne. Gari la kale si picha. Ni mashine yenye zaidi ya miaka 40, na kila mwezi itadai kitu. Leo ni klachi, kesho pampu ya petroli, keshokutwa breki. Swali la mtunzaji halipaswi kuwa "Litanipa sifa gani?" bali "Likikufa, nani atalifufua?"

Nilimwuliza mzee mmoja mwenye gereji hapa Nyamasaria, mtu ambaye mikono yake imeshika Pijo tangu akiwa kijana. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Ukiletewa Porsche utaitengeneza?"

Akacheka. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "kuifungua nitaifungua. Kuirudisha ndiyo sijui. Lakini 504, hiyo lete hata usiku. Stima ikipotea nitafunga tu nikiwa nimefumba macho."

Nikamwuliza kama ile Coupé si gari tofauti na 504 za kawaida. Akanifundisha vizuri kuliko kitabu. Tena nilikwenda kusoma nikakuta kila alichosema ni kweli. Kuna Coupé za V6, alisema, na hiyo injini si ngeni kabisa. Waliitengeneza Peugeot, Renault na Volvo kwa ushirikiano, ikatiwa pia kwenye Peugeot 604 na Volvo 264. Lakini kuna Coupé za silinda 4 zenye lita 2, na hizo injini yake ni ndugu wa tumbo moja na ya 504 la milango minne. Vilevile chini yake, springi na shokomzoba zimepangwa kama za lile la milango minne. Tofauti ni 504 za mizigo na zile ndefu za abiria. Hizo nyuma zina ekseli moja nzima, ngumu, ya kubebea uzito. "Kwa hivyo nyathina," akamaliza, "anayejua 504 anajua nusu ya Coupé kabla hajafungua boneti."

Hilo ndilo jambo ambalo Porsche hana hapa kwetu. Kumbukeni zile 504 ndefu zilizokuwa teksi za kwenda Nairobi, watu wamekaa safu tatu, mizigo juu. Kila mji kwenye njia ile ulikuwa na mtu anayeweza kuzitengeneza, kwa sababu zikikwama, watu walikwama. Maarifa hayo hayakutoka chuoni. Yalizaliwa na haja, chini ya mti, kwenye matope meusi ya Kano ambayo mvua ikinyesha hushika tairi kama gundi. Porsche hakuacha shule kama hiyo popote kwenye ufuo wa ziwa letu, kwa kuwa hakuwahi kumbeba mtu wa kawaida.

WENYE "LAKINI"

Najua mtanijibu. Mtasema, "Lakini Porsche sasa wanashinda huku huku Kenya." Ni kweli. Mashindano ya Safari ya magari ya kale yalianzishwa mwaka wa 2003. Waldegård, yule aliyeshindwa mwaka wa 1974, alirudi akiwa na umri wa miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea njia, akashinda mwaka wa 2011 ndani ya 911. Stig Blomqvist naye akashinda kwa 911 mwaka wa 2015. Ninawavulia kofia. Lakini tazameni jinsi Porsche nyingi za mashindano hayo zinavyokuja: zinaandaliwa Uingereza, zinafika na mafundi wao, na spea zao, na magari ya kuzifuata nyuma. Mashindano yakiisha, mafundi hupanda ndege. Je, wewe mtunzaji wa Nyamasaria utapanda ndege na nani?

Mtasema tena, "Lakini hizo Coupé zenyewe ziko wapi?" Swali zuri. Ni adimu, na nyingi ziliundwa na usukani wa kushoto, jambo ambalo hapa kwetu ni tatizo. Tena sheria ya ubora wa magari nchini, ile ya KS 1515, kwa kawaida hairuhusu kuleta gari lililozidi miaka 8. Lakini rafiki yangu, sheria hiyo inambana Porsche vilevile! Sisi sote tumebaki na magari ambayo tayari yako nchini. Na ukitafuta kilicho nchini, utapata ukoo wa nani? Asiyepata Coupé atapata ndugu yake wa milango minne, gari lile lile lililoshinda mwaka wa 1975. Asiyepata Porsche atabaki na picha.

Na wa mwisho atasema, "Lakini Pijo ni gari la wazee, halina heshima." Huyu simjibu kwa maneno mengi. Kule Nairobi, kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ambayo yalianza mwaka wa 1970, gari hupewa alama kwa usafi na utunzaji wake, mpaka chini ya boneti na chini ya tumbo. Heshima ya gari la kale ni kazi ya mikono ya mwenyewe. Gari la bei likiachwa na vumbi haliheshimiki.

KILICHO HATARINI

Hapa, mpenzi msomaji, ndipo ninapoacha mzaha. Mnafikiri ninaandika haya ili nishinde ubishi wa bwenini? Hapana. Yule mzee aliniambia jambo jingine ambalo liliniuma. Alisema vijana wake wawili wa gereji ni hodari, lakini wanajua Probox na magari ya kompyuta. Kabureta hawaijui wala hawaitaki, kwani haina pesa. Nikamwuliza, "Sasa wewe ukistaafu?" Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Itakwenda na mimi."

Na magari yenyewe yanakwenda. Utaona 504 imelala nyuma ya nyumba, majani yamepita dirishani, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Siku moja anakuja mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mizani yake. Gari ambalo ukoo wake ulishinda Safari mara mbili linakatwa vipande, linauzwa kwa kilo, kama ugali uliolala. Mwenye nyumba anafurahia noti chache. Wakati huo huo, mwanawe ndani amebandika picha ya Porsche ukutani. Mcheza kwao hutunzwa, walisema. Sisi wa kwetu tunampima kwa mizani.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, na ninaomba yasomwe na walimu pia.

Mosi, mwenye 504 nyumbani asikubali ikatwe kabla fundi hajaitazama. Kama haiwezi kupona, basi itoe viungo vyake kwa nyingine: injini, giaboksi, milango, taa. Logbuku pia itunzwe, kwani gari lisilo na karatasi ni yatima.

Pili, sisi wanafunzi twende tukae na wazee hawa wakati wa likizo, na madaftari yetu. Tuandike wanachokijua, kwa Kiswahili, na majina yao ya kila kiungo. Chama chetu cha Kiswahili kinalia kila mwaka kwamba lugha yetu haina msamiati wa ufundi. Msamiati huo upo! Uko gereji, umejaa grisi, unatungoja.

Tatu, Jumba la Makumbusho la Kisumu, ambalo limeonyesha boma la Kijaluo tangu zamani, lingeweza kutafuta 504 moja ndefu ya teksi na kuiweka pale. Watoto wa kesho wajue babu zao waliendaje Nairobi.

HITIMISHO

Atakayenunua Porsche 911 SC simlaumu. Amenunua gari zuri, lenye nguvu, lisilooza, na pengine atalala akiota bei yake. Lakini likimzimikia Nyamasaria, atapiga simu mbali. Mwenye Peugeot 504 Coupé atavuka barabara tu, aite fundi, na kabla chai haijapoa, injini itanguruma. Ila afanye haraka, kwa kuwa fundi huyo anazeeka, na nyuma yake bado hakuna aliyeshika spana.

Mimi nimetoa yangu. Mwenye hoja ya Porsche na alete kalamu katika toleo lijalo.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu